Je, Wajua? Makengeza Kabla ya Kisu

Je, wajua kwamba mtoto mchanga ana ruhusa ya kuwa na makengeza? Pale Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanza mwaka wa 1926 na ambako wengi wetu wa Eastlands tulizaliwa, mama hugundua siku za mwanzo kwamba jicho moja la mwanawe linamtazama yeye na la pili linatazama dirisha. Huo si ugonjwa. Ubongo wa mtoto bado unajifunza kuyaendesha macho mawili kwa pamoja. Ruhusa hiyo huisha akifika miezi 3 au 4 hivi. Baada ya hapo, jicho linaloingia upande wa pua au linalotoka upande wa sikio, liwe linafanya hivyo kutwa nzima au jioni tu akichoka, ni la kupelekwa kupimwa.

Mimi nikiulizwa ni maneno gani yamewaponza watoto wengi wa mitaa yetu, nitayataja haya: "Mwacheni, akikua itaisha." Shosho huyasema, jirani wa ploti huyasema, hata mhudumu wa kemisti huyasema, wote kwa nia njema. Makengeza ya kweli hayaishi kwa kungoja. Kinachotokea wakati wa kungoja tutakifikia hivi karibuni.

Je, wajua kwamba kila jicho lina misuli 6 ya kuligeuza? Mawili ni misuli 12, na kila upande unaongozwa na neva 3 zinazotoka ubongoni. Ajabu ni kwamba kwa watoto wengi wenye makengeza misuli hiyo ni mizima kabisa. Mwambie mtoto afuate kidole chako na jicho litakwenda kila upande. Hitilafu imo katika uoni wenyewe, au katika namna ubongo unavyoyapatanisha macho. Ndiyo maana daktari mzuri hatoi kisu kwanza. Hutoa tochi.

Na je, wajua kuna makengeza ya uongo? Watoto wadogo wana daraja la pua pana na bapa, na ngozi ya kona ya ndani ya jicho hufunika sehemu ya weupe. Mtu akitazama kwa haraka huapa kwamba macho yameingia ndani, kumbe yamenyooka sawasawa. Pua ikipanda na umri, "makengeza" hayo hupotea, na hapo ndipo uvumi wa "akikua itaisha" unapopata mashahidi wake. Wale ambao yaliwaisha hawakuwahi kuwa nayo.

Utatofautishaje nyumbani? Kwa simu. Mwache mtoto aitazame kamera moja kwa moja, piga picha yenye mwanga, kisha ikuze uone nukta ndogo nyeupe inayong'aa juu ya kila mboni. Nukta zikikaa mahali pamoja kwenye macho yote mawili, hiyo ni dalili njema. Moja ikikaa katikati na nyingine ikasogea pembeni, fungeni safari. Kipimo hiki ni cha Julius Hirschberg, daktari wa macho wa Berlin wa karne ya 19, na yeye alitumia mshumaa. Kwa hesabu yake, nukta ikihama milimita moja, jicho limepinda kwa takriban nyuzi 7. Picha ya simu haichukui nafasi ya mpima macho, kwa sababu makengeza yanayokuja na kuondoka yanaweza kujificha siku hiyo. Lakini inatosha kumnyamazisha mjomba mbishi.

Picha hiyohiyo inaweza kufichua jambo zito zaidi. Mboni moja ikirudisha mng'aro mweupe kama jicho la paka usiku, badala ya mwekundu au mweusi, usisubiri mwezi wa mshahara. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho la watoto wadogo. Kwa Kenya imekadiriwa kumpata takriban mtoto mmoja kati ya 17,000 wanaozaliwa. Dalili yake ya kwanza inayojulikana sana ni huo weupe. Ya pili ni makengeza. Ikigunduliwa mapema, maisha huokolewa na mara nyingine jicho pia. Ndiyo sababu kile kijitabu cha mama na mtoto, ambacho wengi hukifungua kwa ajili ya chanjo tu, kina sehemu ya kukagua macho. Kifungue hapo kliniki na uulize.

Je, wajua kwa nini mtoto mwenye makengeza halalamiki kuona vitu viwili viwili? Mtu mzima jicho likimpinda ghafla huona matatu moja kama mbili zikimjia na huenda hospitali siku hiyohiyo. Ubongo wa mtoto una hila: hulizima lile jicho lililopotoka. Jicho lipo, ni zima, linapokea mwanga, lakini habari zake hazisikilizwi. Likiachwa hivyo miaka michache, uoni wake haukui, na hata ukilipatia miwani bora kabisa baadaye, haliwezi kusoma mistari ya chini ya chati. Hilo ndilo jicho vivu. Mtoto anaona vizuri kwa jicho moja, anasoma, anakimbia, anacheza kati, na hakuna anayejua.

Hubel na Wiesel, wanasayansi waliofanya kazi Harvard, walilionyesha jambo hili katika miaka ya 1960 kwa paka wachanga. Walilifunga jicho moja kwa muda katika umri mdogo, na walipolifungua sehemu ya ubongo ya kuonea ilikuwa imeshamilikiwa na jicho la pili. Paka mkubwa akifanyiwa hivyohivyo hapotezi kitu. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981. Kwa mzazi wa Kayole maana yake ni kalenda: miaka ya mwanzo, hasa kabla ya 7, ndiyo yenye faida kubwa. Watoto huingia PP1, darasa la kwanza la chekechea, wakiwa na miaka 4 hivi. Ningekuwa na mamlaka, hakuna mtoto angekabidhiwa sare ya PP1 kabla ya kila jicho lake kupimwa peke yake.

Kipimo kingine cha bure: mzibe mtoto jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akitulia ukiziba la kushoto lakini akatoa machozi ukiziba la kulia, amekwambia ni lipi analolitegemea. Mkubwa kidogo msimamishe kwenye roshani asome maandishi ya matatu ya 58 inayopita, jicho moja kwa wakati. Matatu za Nairobi zimechorwa herufi kubwa kuliko chati yoyote.

Sasa tufike kwenye dawa.

Je, wajua kwamba kuna makengeza yanayonyooshwa na miwani pekee? Hii ndiyo habari ninayotamani ibandikwe kwenye kila kituo cha afya kutoka Maringo hadi Dandora. Sababu ni hii. Jicho fupi kuliko kawaida haliwezi kuona sawasawa bila kukaza lenzi yake ya ndani. Na Mungu ameunganisha mambo mawili: kila tunapokaza lenzi ili kuona karibu, macho yote mawili huelekea puani. Mtoto mwenye macho mafupi hukaza kutwa kucha, na hatimaye jicho moja huvutwa ndani. Mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 4, wakati anapoanza kupenda picha na vitu vidogo. Wazazi husema yalianza baada ya kuanguka kitandani au baada ya homa. Homa huenda ilikuwapo, lakini mzizi ni macho. Frans Donders wa Utrecht, Uholanzi, ndiye aliyeufafanua uhusiano huu katika kitabu chake cha mwaka wa 1864.

Mpe mtoto huyo lenzi mbinuko, zile nene katikati, zenye nguvu kamili, na kazi ya kukaza inaisha. Jicho hurudi mahali pake, kwa wengine katika siku chache, kwa wengine baada ya wiki kadhaa. Akivua miwani wakati wa kuoga, jicho linapinda tena, na hapo simu huanza kupigwa: "Miwani imemharibu!" Hapana. Jicho linapinda kama lilivyokuwa likipinda mwanzoni. Tofauti ni kwamba sasa umezoea kuliona limenyooka. Miwani hii ni ya kuvaliwa kuanzia kuamka hadi kulala. Mtoto anayevaa shuleni tu na kuvua nyumbani anapata nusu ya dawa.

Wengine hunyooka wakitazama mbali lakini bado hupinda wakitazama karibu. Hao hupewa lenzi zenye sehemu mbili, ya chini ikiwa na nguvu zaidi, kama zile za babu wa kusoma gazeti. Usicheke.

Je, wajua kwamba mtoto wa miezi 6 anaweza kupimwa miwani bila kutamka herufi hata moja? Mpimaji hupitisha mstari wa mwanga kwenye mboni, huutazama unavyotembea, na hubadilisha lenzi mbele ya jicho mpaka utulie. Kabla ya hapo mtoto hutiwa matone ya kupumzisha lenzi, na hatua hiyo isirukwe, kwa sababu mtoto anayekaza hudanganya kipimo. Macho meusi tii kama yetu huchukua muda mrefu zaidi kulegea kuliko ya bluu, kwa hivyo jiandae kukaa kwenye benchi. Jioni mtoto ataona karibu kwa ukungu na atakunja uso juani. Mpe kofia.

Miwani ya kuuzwa barabarani haifai hapa, hata ikiwa nzuri namna gani. Ile ina nguvu ileile pande zote mbili, ilhali macho ya mtoto huyu mara nyingi hayalingani. Na fremu ya Gikomba inaweza kuwa safi na imara, ila lenzi iliyomo ni ya mtu mwingine. Jambo lingine dogo lenye uzito: pua bapa huifanya miwani iteleze, na mtoto anayetazamia juu ya fremu hajavaa miwani. Omba fremu ya saizi yake, na mpira wa kufungia nyuma ya kichwa.

Je, wajua kwamba kiraka huwekwa kwenye jicho zima? Watu wengi hudhani kinyume, na nimeona mtoto wa Umoja akiwa amefunikwa jicho bovu kwa pamba na plasta, bila shaka kwa upendo mkubwa. Kufunika jicho vivu ni kulilaza zaidi. Linalofunikwa ni lile linaloona vizuri, ili ubongo ulazimike kulisikiliza la pili.

Wazo hili ni la kale. Wanahistoria wa tiba humtaja Thabit bin Qurra, tabibu na mwanahisabati aliyefariki Baghdad mwaka wa 901, kuwa miongoni mwa wa kwanza kushauri kuzibwa kwa jicho zuri. Paulo wa Aegina, karne ya 7, alikuwa ametumia kinyago chenye matundu mawili, ili mtoto alazimike kunyoosha macho apate kuona.  Mfaransa Buffon, yule mwandishi wa vitabu vinene juu ya wanyama, aliyaandikia makengeza utafiti mwaka wa 1743 na kusema wazi kwamba macho mawili yasiyolingana nguvu ndiyo chanzo kimoja, na kuziba lenye nguvu ndiyo tiba.

Kwa saa ngapi? Hapa ndipo sayansi ya karibuni imewapunguzia wazazi mzigo. Zamani watoto walizibwa kutwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2003, wenye watoto 189 wa chini ya miaka 7 waliokuwa na jicho vivu la kiwango cha kati, ulikuta kwamba baada ya miezi 4 saa 2 kwa siku zilikuwa zimefanya kazi sawa na saa 6. Kwa wale wenye uvivu mkali, saa 6 zilitosha bila kuziba siku nzima. Saa 2 zinapatikana: kati ya kutoka shuleni na ugali.

Afanye nini katika saa hizo? Madaktari walikuwa wakisisitiza kazi za karibu, kama kushona shanga na kupaka rangi. Mwaka wa 2008 jambo hilo nalo lilipimwa, na kazi za karibu hazikuonyesha faida zaidi ya za mbali. Kwa hivyo acheze mpira uani Jericho na kiraka chake. Asivuke Jogoo Road peke yake nacho.

Wajua kikwazo kikubwa cha kiraka? Mtoto mwenyewe. Umemfungia dirisha zuri na kumwacha na lenye ukungu, na ana miaka 4. Atakibandua, atakitupa nyuma ya kochi, atakuapia kimeanguka. Huko London watafiti waliweka kifaa kidogo cha kuhesabu saa ndani ya viraka, wakakuta watoto wanavaa karibu nusu tu ya walichoandikiwa. Waingereza pia wameshindwa, usijilaumu. Kinachosaidia ni saa maalumu isiyobadilika, katuni anayoipenda, na watu wote wa nyumbani kusema neno moja. Mama akiziba na shosho akibandua kwa huruma, miezi inapita bure. Kiraka kibandikwe kwenye ngozi, chini ya miwani. Kitambaa kilichoning'inizwa juu ya lenzi kinachunguliwa pembeni, na watoto ni mabingwa wa kuchungulia. Wasioweza kununua viraka huweza kuonyeshwa kliniki namna ya kutengeneza kwa shashi safi na plasta ya karatasi isiyochubua.

Na usijiamulie kuongeza saa kwa haraka ya kupona. Jicho zima nalo likizibwa kupita kiasi linaweza kuwa vivu. Tarehe ya kurudi kliniki ni sehemu ya dawa.

Jambo moja walio wengi hawaambiwi: kiraka hakinyooshi jicho. Kinaamsha uoni. Mzazi anayengoja urembo huona miezi 3 imepita, jicho bado limepinda, na kuacha. Kumbe lile jicho lilikuwa likisoma mstari mmoja wa chati na sasa linasoma minne.

Je, wajua kwamba kabla hata ya kiraka, miwani peke yake huweza kuliamsha jicho vivu? Katika utafiti wa mwaka wa 2006 wa watoto ambao macho yao hayalingani nguvu, zaidi ya robo walipona kabisa kwa miwani tu. Ndiyo maana wapimaji wengi husema: vaa kwanza, rudi baada ya wiki kadhaa, tuone kama kiraka kinahitajika. Huku si kuzungushwa.

Kwa mtoto asiyekubali kiraka hata kwa pipi, kuna matone ya atropini. Tone moja kwenye jicho zuri huitia ukungu nuru yake ya karibu, na ubongo huhamia jicho la pili. Watoto 419 walilinganishwa mwaka wa 2002, nusu kiraka na nusu atropini, na baada ya miezi 6 wote walikuwa wamepanda mistari 3 hivi ya chati. Baadaye ikaonekana kuwa matone ya Jumamosi na Jumapili tu hufanya kazi kama ya kila siku. Hakuna wa kukubandua tone. Lakini atropini ni sumu ikimezwa: uso hushika joto, kinywa hukauka, moyo hukimbia, mtoto huweweseka. Katika chumba kimoja cha kupanga, ambamo dawa, chumvi na mafuta ya nywele hukaa rafu moja, chupa hiyo itafutiwe mahali pa kufungwa. Na isinunuliwe bila kuandikiwa.

Je, wajua kwamba Botox ilizaliwa kwa ajili ya makengeza? Kabla ya mastaa kukunjua vipaji vya nyuso, Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, alitafuta kitu cha kulegeza msuli wa jicho bila kuukata. Alijaribu sumu ya botulinamu kwa nyani katika miaka ya 1970, akachapisha matokeo ya wagonjwa mwaka wa 1980, na mwaka wa 1989 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe. Yeye aliiita Oculinum. Kampuni ya Allergan iliinunua na kuipa jina linalojulikana leo. Idhini ya mikunjo ya uso ilikuja mwaka wa 2002, imechelewa miaka 13. Sindano hiyo hulegeza msuli unaovuta kwa miezi 2 au 3, na katika muda huo macho hupata nafasi ya kujipanga. Kope inaweza kulegea kwa muda. Kwa mtoto mdogo hufanywa akiwa amelazwa usingizi kidogo, kwa hivyo ni jambo la hospitali kubwa.

Kuna pia prizimu, kioo cha pembetatu kinachoupinda mwanga ili macho yaliyopishana yaone kitu kimoja. Hutengenezwa siku hizi kama karatasi laini ya plastiki yenye mistari, inayobandikwa juu ya lenzi ya kawaida. Mistari hiyo ni ya Augustin Fresnel, Mfaransa aliyeibuni kwa ajili ya taa za minara ya baharini. Huwafaa zaidi wanaoona viwili viwili.

Na mazoezi je? Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu video za "nyoosha macho kwa siku 10" zimejaa kwenye simu. Yapo matatizo ambayo mazoezi huyatibu kweli: macho yanayoshindwa kukutana mtu anaposoma karibu, mtoto akalalamika kichwa kuuma na herufi kuruka. Mwaka wa 2008 watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 wenye shida hiyo walifuatiliwa kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi kliniki chini ya mtaalamu walifaulu au kupata nafuu kwa asilimia 73. Wale wa kusogeza penseli puani nyumbani, asilimia 43. Lakini mtoto wa miaka 3 ambaye jicho limepinda kutwa hatanyooshwa na penseli. Nayo mafunzo ya William Bates wa New York, aliyeandika mwaka wa 1920 kwamba miwani itupwe, hayajawahi kuthibitishwa, ingawa yanafufuka kila kizazi.

Hata hivyo, sayansi ina adabu ya kukubali mambo yasiyotarajiwa. Susan Barry, mwanabiolojia wa Massachusetts, alipata makengeza akiwa mchanga, akapasuliwa mara 3 utotoni, macho yakaonekana yamenyooka, lakini hakuwahi kuona kina cha vitu. Kwa mazoezi chini ya mtaalamu alianza kukiona akiwa na miaka 48, usukani wa gari ukasimama mbele yake kana kwamba umeng'oka kwenye dashibodi. Oliver Sacks aliandika habari zake mwaka wa 2006. Ni kisa cha kweli, ila ni cha nadra. Usimngojee mwanao afike 48.

Mchanganyiko wa haraka: kutengeneza uso wa makengeza kwa mzaha hakumfanyi mtu abaki hivyo. Mjamzito kumtazama mwenye makengeza hakumwambukizi aliye tumboni. Karoti na sukuma wiki ni chakula bora kwa macho, lakini hazinyooshi jicho. Paka wa Siam wengi walikuwa na makengeza kwa sababu neva zao za macho zimeungwa kwa njia tofauti. Wamaya wa Yucatan waliyaona makengeza kuwa uzuri. Askofu Diego de Landa aliandika katika karne ya 16 kwamba akina mama waliwaning'inizia watoto kitu kidogo kati ya nyusi ili macho yaingie. Mtoto anayefumba jicho moja juani, kila mara lilelile, huenda ana jicho linalotoka nje mara kwa mara. Mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja kila anapotazama runinga huenda anatafuta pembe ambayo macho yanapatana, na shingo yake haina kosa.

Na simu? Madaktari wa Gwangju, Korea Kusini, waliripoti mwaka wa 2016 watoto na vijana 12 waliopata makengeza ya kuingia ndani wakiwa wanatumia simu karibu na uso zaidi ya saa 4 kwa siku. Walipopunguzwa, jicho lilipungua kupinda. Watoto 12 ni wachache mno kuihukumu simu, lakini ni wa kutosha kumwambia mtoto aisogeze mbali na pua.

Makengeza yakitokea ghafla kwa mtoto ambaye hakuwa nayo, yakaja na kichwa kuuma, kutapika au kuyumba, usiende kwa muuza miwani. Nenda hospitali leo.

Kisu nacho kina mahali pake, na ningekosea kukifanya adui. Makengeza makubwa yaliyoanza kabla ya miezi 6 kwa kawaida hayanyooki kwa miwani, na huhitaji upasuaji mapema. Wapo pia wanaobaki na kupinda hata baada ya miwani kamili. Lakini hata hao, kiraka hutangulia mara nyingi, kwa kuwa jicho lisiloona vizuri likinyooshwa kwa kisu hupenda kurudi lilikotoka. Na miwani aliyokuwa nayo kabla ya kupasuliwa mara nyingi huendelea nayo baadaye.

Safari inaanzia karibu: kliniki ya kata, afisa kliniki wa macho, au Mama Lucy Kibaki pale Kangundo Road, ukiomba rufaa. Wa mbele zaidi huenda Kenyatta, Lions SightFirst kule Loresho, au kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu. Walimu nao wanaweza. Mwaka wa 2015 huko Trans Nzoia walimu wa shule 50 waliwapima karibu watoto 21,000. Katika nusu ya shule hizo walitumia simu yenye programu ya Peek, mzazi akaonyeshwa picha ya namna mwanawe anavyouona ulimwengu na kukumbushwa kwa ujumbe mfupi. Upande huo asilimia 54 ya waliopewa rufaa walifika hospitali. Upande wa karatasi ya kawaida, asilimia 22. Daktari Hillary Rono wa Kitale na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka wa 2018.  Programu ile ilimwonyesha mzazi na kumkumbusha tu.

La mwisho: je, wajua kwamba makengeza hupenda kuzunguka ndani ya ukoo? Kama wa kwanza amepewa miwani, mlete na mdogo wake siku ya kurudi, hata kama macho yake yanaonekana yamenyooka. Vivyo hivyo kwa aliyezaliwa kabla ya siku zake, na kwa mwenye mtindio wa ubongo au ugonjwa wa Down. Mkifika mwambieni mpimaji kwamba mjomba au shangazi alikuwa na jicho hilo, hata kama nyumbani huwa hamlizungumzii.